Rambirambi za Kapteni Cosmore

Kwa siku tatu mfululizo mashua ya mbao iitwayo Adina ilikuwa imelala kwenye nanga katika ghuba ya kisiwa cha Bequia, na kwa siku tatu hakuonekana mtu juu yake. Cosmore Hazell, aliyeutazama upweke huo kutoka kwenye benchi la gatini, aliona si haki chombo kizuri namna ile kikose mwenyewe. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amekipatia mmoja: yeye.

Wateja walijileta. Walikuwa wanawake watatu wa makamo, wenye kofia za kanisani, wameinamia ramani katika mgahawa wa jirani. Aliyeshika kalamu, Miss Ismay, alikuwa akiuliza kama wiki moja yatosha kufika kisiwa cha Carriacou kwa tanga bila kukimbizana.

"Inatosha na kusaza, mama," alisema Cosmore, akivuta kiti bila kualikwa na kuulaza mkono mezani ili saa yake ya dhahabu ionekane. Saa hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe kapteni. Bila hiyo alikuwa mtu aliyekaa kwenye benchi. "Leo Canouan, kesho Mayreau, halafu siku mbili Tobago Cays mkiangalia kasa. Chombo changu kile pale. Nimekiunda kwa mikono hii."

Mikono hiyo ilikuwa laini kama ya askofu. Miss Ismay aliitazama, kisha akaitazama mashua.

"Nasikia Carriacou hawashushi chombo majini bila kukipa mama wa ubatizo, kama mtoto. Wa hiki nani?"

"Marehemu shangazi yangu." Cosmore alivua kofia. "Hata mwaka haujaisha. Jeneza nililibeba mwenyewe."

"Alikuwa mtu mwema?"

"Mwema, ila mbishi."

"Pole, mwanangu."

Mmoja wa wenzake alishikwa na kikohozi kirefu. Miss Ismay alitoa bahasha nono mkobani, akaipima mkononi, akairudisha. "Utaipata nikiona chakula kimo chomboni. Nilishaahidiwa safari nyingi nikaishia kula upepo."

Mfukoni Cosmore alikuwa na nauli tu ya feri ya saa nane, ambayo alikusudia kuipanda pamoja na bahasha ile. Kwa hiyo saa ya dhahabu ikabaki dukani kama rehani, na yakatoka mashelisheli, samaki wa chumvi, kuku wanne, barafu, na chupa mbili za ramu ambazo Miss Ismay alizisisitiza. Nauli ikaishia kwa mwanamume mkimya aliyewavusha wote kwa mtumbwi hadi kwenye Adina.

Vitu vilipokwisha kupakiwa, Cosmore alikabidhiwa bahasha. Ndani mlikuwa na picha. Katika ya kwanza, Adina ilikuwa mpya, imepambwa bendera, na mbele ya umati, chupa ya ubatizo mkononi, alisimama Miss Ismay.

"Mama," alisema yule mwanamume mkimya, akifungua kamba za tanga kama mtu aliye kwake, "tuondoke? Upepo mzuri."

"Ngoja kidogo, mwanangu." Miss Ismay alimgeukia Cosmore bila kupandisha sauti. "Siku ile ya jeneza. Nilikuwa mzito?"

"Sijui, mama," alisema Cosmore, na huo ndio ukweli pekee alioutamka siku hiyo.

"Haya. Chakula tumekipokea kama rambirambi. Nahodha, mrudishe mfiwa."

Nahodha alimrudisha gatini na, kwa kuwa ni mfiwa, hakumtoza nauli. Feri ya saa nane ilikuja ikaondoka. Adina nayo ilikunja kona ya ghuba, harufu ya kuku wa kukaanga ikiifuata. Mgeni mmoja aliketi kwenye benchi, akashusha pumzi.

"Mashua nzuri sana ile. Ya nani?"

Cosmore alifungua kinywa, akaunyoosha mkono kwa mazoea, akaona alama ya mkanda mahali ilipokuwa saa.

"Ina wenyewe," alisema.