Mita Tisa za Ukuta wa Rabenbrunn

Detlef Krumbholz aliliona lile sanduku kabla hajamwona aliyelibeba. Lilikuwa sanduku la bati la kijani, ukubwa wa mkate, na lilipanda ngazi za basi likiwa limekumbatiwa na bibi mmoja mfupi jinsi watu wanavyokumbatia mjukuu wa kwanza. Moyo wa Detlef ukajaa upendo. Katika miaka kumi na minne ya kuwazungusha wastaafu wa mkoa wa Franken, Ujerumani, kwa basi alikuwa amejifunza kwamba hakuna mtu anayekumbatia mkate wa soseji kiasi hicho.

Bibi mwenyewe aliitwa Roswitha Zeitler, mtunza hazina wa kilabu cha Pini Tisa cha Schweinfurt. Wanachama wake kumi na tisa walikuwa wamekutana kila Alhamisi kwa miaka arobaini kuviringisha mpira na kuangusha pini, na kila aliyekosa pini alitia sarafu sandukuni. Mara moja kwa mwaka walilifungua na kwenda matembezi. Kabla basi halijavuka taa za pili Bi Roswitha alikuwa amekwisha kumwambia Detlef kwamba mwaka huu wamekosa pini kwa jumla ya yuro elfu nne mia nane na sitini. Hakuwa ameulizwa. Kwa kawaida siri za hazina husubiri angalau kikombe cha kwanza cha kahawa, lakini Detlef hakuwa mtu wa kuihoji bahati yake.

Nyuma ya bibi alipanda mzee Egon Hümmer, katibu, na yeye alikuwa na sanduku kama lile lile. Detlef aliuliza kuhusu hilo pia, kwa upole wa kitaalamu. Akaambiwa ni la plasta na vidonge vya kichwa. Akalisahau palepale.

Siku hiyo hakuwa Detlef, bali Dokta Leopold von Lindenfels, mwanahistoria. Udokta alikuwa amejitunuku mwenyewe, na hiyo "von" ya kikabaila aliiokota kwenye lebo ya chupa ya mvinyo. Kwa yuro tisa na senti tisini alikuwa ameahidi mji wa kale wenye ukuta, kasri la askofu, madonge ya viazi na zawadi ya kushangaza. Zawadi ilikuwa kalenda ya mwaka uliopita.

Lakini tusimcheke kabla ya wakati wake. Ndani ya koti, upande wa moyo, Detlef alikuwa na bahasha yenye yuro elfu kumi na moja, yaani kila alichonacho duniani, pamoja na mkataba wa kibanda cha aiskrimu kando ya ziwa huko Lindau, wenye jina lake halisi. Mwenye kibanda alitaka elfu kumi na tano kufikia kesho saa sita mchana, la sivyo angempa daktari wa meno fulani. Detlef alikuwa na miaka hamsini na sita na magoti ya mtu wa themanini. Alikuwa amechoka kukimbia. Alitaka kusimama mahali pamoja, watu wamfuate wenyewe, wampe pesa, na waondoke wakiwa na kitu cha kweli mkononi, hata kama ni vanila tu. Kila baada ya dakika chache alijipapasa kifua kuhakikisha bahasha ipo.

Sasa, ukuta wa Rabenbrunn una mila yake. Tangu ulipobomolewa nusu yake na mabomu, yeyote anayetaka anaweza kulipia mita moja ya matengenezo, na jina lake linachongwa kwenye jiwe ukutani. Majina yamejaa kila mahali: wauza bia wa Bamberg, vilabu vya kwaya, mtu mmoja wa Osaka. Mita moja ni yuro elfu moja na mia mbili, hulipwa ukumbi wa mji, kwa risiti. Detlef alikuwa amegundua zamani kwamba watu wengi hawajui hilo neno la mwisho. Yeye aliziuza mita hizo palepale juu ya ukuta, kwa hati nzuri yenye muhuri mwekundu.

Wakapanda ukutani saa nne, wakapita kwenye ule ujia wa mbao chini ya vigae, Detlef mbele akihubiri. Alisema jina lililochongwa hapa litadumu miaka mia tatu. Alisema Januari bei inapanda. Wazee wakaguna kwa mshangao. Ni bibi mmoja tu mwembamba mwenye kofia ya buluu aliyebaki nyuma, akipitisha kidole juu ya kila jiwe kama vipofu wanavyosoma.

"Mama, umepoteza kitu?" Detlef akamuuliza.

"Natafuta jina."

"La nani?"

"La mume wangu," alisema bibi, na akamtazama usoni muda mrefu kidogo.

Detlef alimwambia pole, akasonga mbele. Hakuwa mtu wa kukumbuka nyuso, alikumbuka mifuko. Mfuko wa bibi huyu, kama angejisumbua kuukumbuka, alikuwa ameshaupitia mwezi wa Machi.

Alitazamia kuuza mita nne, achukue hazina yote, na jioni awe kwenye treni ya Lindau. Lakini Bi Roswitha alisimama kati ya minara miwili, akapima kwa hatua, akatangaza kwamba kilabu kinataka kipande chote: mita ishirini na tano, elfu thelathini. Pesa nyingine ilikuwa benki, na benki ya Rabenbrunn, kama benki zote za miji midogo yenye heshima, ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana hadi saa nane.

Hapo ndipo kilabu kikageuka kilabu. Mzee Egon akatoa katiba yao. Kikao kikafunguliwa juu ya ukuta. Hoja ikasomwa, ikaungwa mkono, mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa mara mbili kwa sababu kuna bwana mmoja alikuwa amenyoosha yote miwili. Detlef alikuwa amewahi kuibia watu wa kila aina, lakini hakuwahi kuibia watu wenye kumbukumbu za kikao, na alianza kutoka jasho.

Kisha Egon akasoma kifungu cha kumi na moja. Katika biashara yoyote inayozidi yuro elfu tano, pande zote mbili huweka dhamana sandukuni mpaka saini zitiwe. Kilabu kitaweka hazina yake. Muuzaji ataweka theluthi ya bei.

"Elfu kumi taslimu?" Detlef alisema. "Bi Roswitha, mimi ni mtu wa vitabu."

"Ndiyo maana tunakuamini, Bwana Dokta. Matapeli hawana kitu mfukoni." Bibi alitabasamu. "Na sanduku utashika wewe mwenyewe. Mimi nitabaki na ufunguo tu."

Detlef alilitafakari neno hilo akiwa ameegemea mita ya yule mtu wa Osaka. Akisubiri saa nane, karani wa benki atauliza elfu thelathini ni za nini, na karani yeyote wa Rabenbrunn anajua mita za ukuta zinauzwa wapi. Elfu thelathini, basi, zilikuwa ndoto. Lakini hawa wazee, Mungu awabariki, walikuwa wanataka kumkabidhi hazina yao, mkononi mwake, ndani ya bati ambalo mtoto angelivunja. Kumi na moja zake na nne na ushee zao: kibanda kile, na chenji ya kununulia mwavuli wa rangi mbili. Akatia bahasha nzima sandukuni juu ya hazina, Bi Roswitha akalifunga na kumkabidhi. Kuhesabu noti mbele ya watu ni ushamba.

Walishuka kula mkahawani, na bakuli la mwisho la supu lilipotoka mezani, saa saba, wote wakaenda kasri. Kasri lile lilijengwa na askofu aliyeapa ufukara, na ndiyo maana lina vyumba mia tatu. Ngazi zake zingeweza kupandwa na farasi wanane sambamba, na kwenye dari malaika wanene wasio na nguo wanamwagiana zabibu. Mlangoni alisimama mwangalizi, mama mwenye mabega ya askari, akatoa amri zake mbili. Mizigo na masanduku yote kwenye chumba cha makoti. Na sakafu hii ya mbao ina miaka mia mbili na themanini, kwa hiyo kila mtu avae sapatu za sufu juu ya viatu.

Detlef alikuwa ameleta makundi sitini hapa na hakuwahi kuingia. Kila mara alibaki nje akivuta sigara. Leo, kwa kuwa alikuwa ameshika sanduku, walimngoja. Akalikabidhi kaunta, akapewa kibati cha shaba chenye namba. Mzee Egon naye akakabidhi la plasta, akapewa chake.

Sasa, sapatu za kasri ni kitu cha kudhalilisha wanadamu wote kwa usawa. Ni kubwa kama samaki aina ya kambale, zina kamba ya kupitisha nyuma ya kisigino, na kamba hiyo haifungwi kwa mkono mmoja. Mfalme hawezi. Detlef alijaribu, goti likalia, akayumba.

"Nipe nikushikie hicho kibati, Bwana Dokta," alisema Bi Roswitha. "Utaanguka."

Akampa. Akainama, akafunga, akainuka mwekundu usoni, akarudishiwa kibati. Kilikuwa cha shaba na kilikuwa na namba. Alikitia mfukoni akamshukuru.

Alivumilia vyumba vitatu. Kwenye ukumbi wa vioo, mwangalizi alipoanza kueleza gharama ya dhahabu, Detlef alirudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha akageuka. Juu ya mbao iliyopakwa nta, sapatu ni barafu. Aliteleza ukumbi mzima kwa pumzi moja akiwa amenyoosha mikono, akionekana mara ishirini na nne kwenye vioo, na nyuma yake alisikia mtu akipiga makofi kidogo. Akabadilisha kibati kwa sanduku la kijani, akatoka na kukimbia hadi stesheni bila kukumbuka amevaa nini miguuni.

Kwenye treni abiria walimtazama miguu kwa adabu, kisha wakatazama dirishani. Detlef hakujali. Ukutani palikuwa na ile nyundo nyekundu ya kuvunjia kioo wakati wa hatari, na kibao kinachosema atakayeitumia ovyo atatozwa faini. Akaona yake ni hatari ya kutosha. Pigo la tatu kifuniko kikaruka.

Ndani mlikuwa na plasta za saizi nne, bandeji na vidonge vya kichwa. Alikaa akizitazama mpaka treni ikapita stesheni mbili. Polisi angewaambia nini, kwamba pesa zake zimepotea ndani ya sanduku alilokuwa ametoroka nalo? Alikiona kibanda kile, mwavuli, koni za biskuti, na daktari wa meno akiwa amesimama ndani yake, na machozi yakamtoka kweli. Baadaye alimeza vidonge viwili. Vilimsaidia.

Barua ilimkuta Novemba, kwa dada yake mjini Fürth, kwani anwani ilikuwa kwenye mkataba uliokuwa ndani ya bahasha. Ilikuwa na muhuri wa ukumbi wa mji wa Rabenbrunn. Meya alimshukuru Bwana Detlef Krumbholz kwa kulipia mita tisa za ukuta na kumtumia risiti ya mchango, ambayo angeweza kuiwasilisha apunguziwe kodi. Detlef hakuwa amelipa kodi tangu ndoa yake ya kwanza. Pamoja nayo kulikuwa na karatasi ya mistari, kwa mwandiko wa mtunza hazina.

"Bwana Dokta, hatukujua una kiasi gani. Ulivyokuwa unajipapasa kifua, Egon alidhani ni ugonjwa wa moyo. Mita mbili ni za Alfons, mume wa Mechthild wetu, yule wa kofia ya buluu. Ulimuuzia Machi, na Pasaka alikuja na wajukuu kuwaonyesha jina la babu yao. Aliuzunguka ukuta wote mara mbili, kisha akawaambia watoto ni yeye amesahau mahali. Mita saba tumekuwekea wewe. Zilibaki mia mbili, tukala keki ya plamu. Tena, kasri wanaulizia sapatu zao."

Alikaa na barua hiyo majira yote ya baridi. Mwezi wa Aprili, akiwa na kifurushi chenye sapatu kwapani, alipanda ukuta wa Rabenbrunn peke yake kwa mara ya kwanza.

Jiwe lilikuwa kati ya minara miwili, jeupe bado. ALFONS, MITA MBILI. Kando yake: DETLEF KRUMBHOLZ, MITA SABA. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amelificha jina hilo kwa kila mtu, na sasa lilikuwa hapo kwa herufi za ukubwa wa kiganja, kwa miaka mia tatu. Akaligusa. Lilikuwa limechongwa vizuri, hata yeye asingeweza kulikosoa.

Mume na mke waliokuwa wakipita wakasimama nyuma yake. Mke alisoma kwa sauti, akasema huyu Krumbholz lazima alikuwa mtu mkarimu sana. Kisha akamgeukia Detlef, kwa kuwa hata bila koti lile bado alikuwa na uso wa mtu anayejua mambo, na mkoba wa mama huyo ulikuwa wazi, na pochi ndani yake ilikuwa imenona.

"Samahani, bwana. Wewe ni mwenyeji? Tungependa mita moja, kwa ajili ya mama yangu. Tunamlipa nani?"

Mdomo wa Detlef ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Akatazama lile jiwe dogo la Alfons, akaufunga, akaufungua tena.

"Ukumbi wa mji, ghorofa ya kwanza, dirisha la tatu," alisema. "Na mama, usiondoke bila risiti."