Kidevu Juu, Kidevu Chini

Jumanne, 25 Juni

Leo nimeposa. Si mimi mwenyewe. Nimemtuma dada yangu Marigo, maana mwanamume wa Krete hajipelekei posa kama anayepeleka kiatu kwa fundi. Tangu Pasaka nilikuwa namkaba. Ameondoka shingo upande, amerudi na tumbo limejaa keki.

Jibu la Argiro: atajibu siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu wake, tarehe mosi Julai. Si haba! Mjane mwenye ua wa yasmini na kicheko cha mtu anayemwaga njugu mezani ana haki ya kufikiri kidogo. Kisha Marigo, huku akivua viatu, akaongeza kwamba Kanakis naye amepeleka neno.

Kanakis! Mwenye mkahawa ng'ambo ya uwanja. Masharubu kama ufagio na akili ya mpini wake.

Alasiri amefika mgeni kupanga chumba changu cha juu. Bwana Torstein, mwalimu mstaafu kutoka Norwe, mrefu hadi amesalimiana na boriti kabla ya kunisalimu mimi. Ombi lake la kwanza halikuwa taulo. Alitaka nimfundishe adabu za kisiwani asije akaaibika mbele za watu. Tunaongea kile Kiingereza cha bandarini, nilichokiokota nikipika melini. Nikamtazama. Mtu mzima, macho ya buluu, anaamini kila anachoambiwa.

Wazo lilinifikia kabla hajafungua sanduku lake.

Jumatano, 26 Juni

Somo la kwanza. Sisi tukikataa huinua kidevu, nyusi hupanda, ulimi hugonga meno: tsk. Tukikubali tunakiteremsha kidevu taratibu. Nimemfundisha kinyume. Kidevu juu, ndiyo. Kidevu chini, hapana. Na neno letu "ne", ambalo ni ndiyo, nimemwambia ni hapana. Amefurahi mno. Kumbe kwao neno la kukataa linakaribiana sana na hilo! Mbingu ziko upande wangu.

Shabaha ni hii. Kanakis hujigamba kwamba hakuna mgeni aliyewahi kukataa kitu mezani pake. Leo uwanja mzima utamwona Mnorwe akikataa kahawa yake, raki yake, ile pombe yetu kali ya zabibu, kila kitu chake. Na Argiro hupita hapo akitoka kwa mwoka mikate.

Jioni. Maafa.

Nilichungulia nyuma ya pazia. Kanakis akaleta kahawa. Mgeni kidevu juu, tsk. Nikasugua mikono. Kanakis akaiweka mezani vilevile. Mgeni akainywa. Ikaja raki. Tsk. Ikawekwa, ikanywewa. Wakaja konokono wa kukaanga. Tsk, na nyusi juu kabisa. Wakaliwa, sahani ikafutwa kwa mkate.

Nilisahau kitu ambacho hata mbuzi wa hapa wanakijua: mwenye adabu hukataa kwanza, na mwenyeji mwenye adabu hujifanya kiziwi. Wazee walikaribia kulia. Wanasema tangu enzi za babu zao hawajaona mtu anayekataa kwa heshima hivyo na kula kwa heshima zaidi. Argiro alisimama na mikate kwapani, akasikika akisema kwamba Kanakis kweli ana mkono mkunjufu.

Mkono! Mkono ndio ulionipa wazo la pili.

Alhamisi, 27 Juni

Somo la kiganja. Kwetu, ukimnyooshea mtu kiganja wazi usoni, vidole vyote vimetanuka, umemtukana yeye na waliomzaa. Kuna ndugu wamenuniana kwa kiganja kimoja mpaka mazishini. Nimemwambia Torstein ndiyo salamu yetu kuu. Mkono unyooke, vidole vitanuke, usisahau tabasamu. Ameshika haraka. Mwalimu ni mwalimu.

Nikamtuma kwa Kanakis. Kanakis damu yake ni ya moto, aliwahi kuvunja kiti kwa sababu ya kiwiko tu. Angemfukuza mgeni mbele ya watu, Argiro angesikia, na huo mkono mkunjufu ungebaki hadithi.

Torstein akaingia mlangoni, kiganja hadi puani pa Kanakis. Kete zikabaki mikononi. Kanakis akavitazama vidole, kimoja kimoja, kisha akageukia jikoni.

"Raki tano," akaagiza. "Mgeni anawanywesha wazee."

Wazee wakanywa. Wakamwombea mgeni afya. Mmoja akaomba asalimiwe tena.

Ijumaa, 28 Juni

Sikulifikiria hili: mtu akifundishwa salamu, huitumia. Asubuhi Torstein alitokea kwenye roshani, roshani yangu mwenyewe, niliyoipaka rangi kwa mikono yangu, akaniona uani nikimwagilia nyanya. Akaninyooshea kiganja. Tabasamu juu. Watu walikuwa wanapita kwenda kununua mikate.

Akasubiri salamu irudishwe. Ningefanyaje? Nikamrudishia. Tukasimama hivyo, tunatukanana huku tunachekeana.

Papa Lefteris, padri wetu, alikuwa anatoka kanisani. Akasimama, kanzu nyeusi mpaka chini.

"Manusos mwanangu, umegombana na mgeni?"

Nikamwambia hapana, Baba, tunahesabu mbayuwayu. Marigo alikuwa dirishani. Huyu dada yangu Mungu alimpa masikio mawili na midomo minne.

"Tangu lini mbayuwayu wanatua usoni pako?" akauliza.

Jumamosi, 29 Juni

Argiro amekuja kuazima sufuria yetu kubwa kwa ajili ya sherehe yake. Nilijibana nyuma ya mlango wa jikoni. Si kudukua. Nilikuwa nautazama ule mlango, bawaba zake zinahitaji mafuta.

Akamwambia Marigo kwamba hajui amwamini nani. Kijiji hiki nusu ni binamu za Kanakis, nusu ni binamu zetu, na wote ni waongo kwa upande wao. Basi ameamua kumuuliza mgeni. Amekula kwa Kanakis, amelala kwa Manusos. Atamuuliza siku ya sherehe, mbele ya watu, wote wasikie.

"Mgeni hana binamu hapa," akasema.

Nilifurahi. Torstein ananipenda! Kila asubuhi namkaangia mayai. Akiulizwa kama Manusos ni mtu mwema, atakubali papo hapo. Kwa kuinua kidevu.

Nikakaa juu ya kikapu cha vitunguu.

Jumapili, 30 Juni

Kuungama ni kazi ya kanisani. Mimi nimetafuta njia ya kistaarabu. Nimemweleza Torstein kwamba ifikapo Julai ishara zetu hugeuka. Sababu ni joto. Kuinua kidevu juani kunachosha shingo, hivyo mababu waliamua kwamba wakati wa kiangazi ndiyo iwe chini na hapana iwe juu. Kuanzia kesho.

Akanisikiliza kwa utulivu mkubwa. Akauliza kama na "ne" nayo inageuka. Nikasema inageuka. Na kiganja? Kiganja kinapumzika. Je, mambo yanarudi kama kawaida Agosti? Nikamwambia inategemea upepo.

Akanishukuru, akaenda jikoni kumsaidia Marigo kumenya maharage. Marigo aliwahi kuosha vyombo hotelini Hamburg, ana Kijerumani chake cha sabuni, na Torstein ana chake cha shuleni. Nikawasikia wanaongea kwa muda mrefu. Kisha kicheko. Marigo alipiga meza kwa kiganja mpaka maharage yakasambaa. Nilipochungulia, Torstein alikuwa anafuta machozi.

Paka, bila shaka. Paka wetu ana vituko sana.

Jumatatu, 1 Julai

Nimeoga, nimenyoa, nimevaa shati la harusi za watu. Mkononi chungu cha mrehani, maana huendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Kanakis alileta keki kubwa kama gurudumu la trekta. Majivuno tu.

Siku ya jina haialiki mtu, mlango uko wazi, kijiji kizima kilikuwa ndani. Tukasema miaka mingi, Argiro. Zikapita cheri za sukari kwenye kijiko, na glasi ya maji baridi. Torstein akazikataa, akazila. Wazee wakatazamana kwa fahari, kama waliomzaa wao.

Ndipo Argiro akamsogelea. Akaongea polepole ili aelewe.

"Kanakis. Mtu mwema?"

Torstein akateremsha kidevu. "Ne," akasema.

Sikumchukia. Nilifurahi kwamba somo la Julai limeingia.

"Na Manusos?"

Torstein akanitazama kwa yale macho ya buluu. Marigo akatazama dari. Kisha kidevu kile kirefu kikaanza kupanda. Polepole, kama ndoo inayovutwa kisimani. Nyusi zikafuata. Tsk.

"Ni Julai, Torstein!" nikapiga kelele. "Julai!"

Argiro akauliza Julai ina nini. Nilitaka kujibu ila Marigo alikuwa ameshasimama. Ametoa yote. Kidevu, "ne", kiganja, mababu na shingo zao. Kwa mikono yote miwili. Papa Lefteris akauliza, na mbayuwayu je? Kanakis alicheka mpaka ikabidi apewe maji. Argiro aliegemea ukuta, njugu zake zote zimemwagika.

Alipopata pumzi nikamkumbusha. Nilisema kwa sauti ya chini kwamba siku ya jibu ni leo, na kwamba yale mengine yote niliyafanya kwa sababu yake. Hapo sikuwa nadanganya. Nadhani aliona, maana aliacha kucheka kidogo. Akaniangalia vizuri. Akainua kidevu. Nyusi. Tsk.

Kisha akanifungia mikate ya jibini kwenye kitambaa, mingi.

"Mwakani siku ya jina langu uje, Manusos," akasema. "Sijacheka hivi tangu marehemu aondoke."

Akamgeukia Kanakis, ambaye masharubu yalikuwa yanatetemeka. Akateremsha kidevu. Akasema "ne". Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani peke yangu na mikate yangu.

Jumanne, 2 Julai

Nimekula mikate na nimefikiri. Nashangaa sikuona jana!

Argiro amesikia mafundisho yangu yote kutoka kwa Marigo, mbele ya kijiji kizima. Anayajua. Kisha, dakika ile ile, ananiinulia mimi kidevu na kumteremshia Kanakis. Mwanamke mwerevu kama yule! Hakutaka kumuumiza Kanakis mbele ya binamu zake, basi amenijibu kwa lugha ambayo mimi ndiye niliyeitunga. Kidevu juu: ndiyo. "Ne": hapana. Na mikate ya jibini kapewa nani?

Nimemweleza Marigo. Akaenda kulisha kuku.

Wanasema harusi ya Kanakis ni Septemba, baada ya mavuno ya zabibu. Maskini. Nimeamua nisimwambie, atajua mwenyewe akifika kanisani. Mimi nimepeleka suti kwa fundi ipanuliwe kiunoni.

Asubuhi nilikuwa uani na nyanya. Torstein akatokea roshani, akaniona, akaninyooshea kiganja, vidole vyote, na mkono wa pili akauongeza. Hajawahi kutabasamu vile. Nikamrudishia, sikutaka kumvunja moyo. Lakini nilimwambia waziwazi, Julai kiganja kinapumzika!

Wageni hawa. Unawafundisha kutwa, na hawashiki kitu.