Mrudishieni Mume Wangu Ujinga Wake

Ndugu Mkuu wa Mafunzo,

Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa mezani, jikoni kwangu, na mama yangu mzazi yuko pembeni anachambua mchele na kunikumbusha nisitumie lugha kali. Hujambo? Sisi hatujambo, ila mmoja wetu amefundishwa.

Mimi ni mke wa yule mkata miti mrefu aliyekaa safu ya mbele katika mafunzo yenu ya kutumia msumeno wa mnyororo kwa usalama. Kabla hajaja kwenu alikuwa mume wa kawaida. Akiambiwa kata, anakata. Vidole vyake vyote vilikuwepo kwa rehema za Mungu, na sisi tulishukuru bila kuuliza maswali. Mmemrudisha na kofia ngumu, miwani, vifunika masikio, suruali nzito ambayo eti mnyororo ukiigusa unakwama, na cheti. Cheti kiko ukutani. Mume sijui yuko wapi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Masikio. Mlimfundisha kwamba kelele ikizidi, masikio yafunikwe. Hamkumwambia kelele ya nini. Siku hizi mama akianza tu kusema, "Mkwe wangu, mimi si mtu wa maneno mengi," mwenzangu anavishusha vifunika vyake na kutikisa kichwa kwa adabu. Mama alimsifu sana kwamba amekuwa msikivu. Alipogundua, alisusa chai, na mkwe hakusikia kwamba amesusiwa. Na mama alipomwambia kuwa ajali haina kinga, alimwonyesha kofia.

2. Njia ya kukimbilia. Najua kwamba mtu haanzi kukata mti kabla hajasafisha njia mbili za kukimbilia, nyuma ya mti, kwa mshazari. Najua kwa sababu nimeambiwa hata usingizini. Lakini tulipokwenda kumwona shangazi yangu, mume wangu alisogeza makochi na stuli kabla hajakaa. Shangazi akamuuliza, "Baba, unataka kutukimbia?" Akajibu, "Bado, shangazi." Bado! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

3. Mkate. Kwenye mti, anasema, unakata kwanza mdomo, yaani pengo, upande unaotaka mti uangukie, kisha unakuja kwa nyuma, na katikati unabakiza kipande kisichokatwa, kama bawaba ya mlango, kiuongoze mti chini. Ndugu Mkuu, mkate hauhitaji kuongozwa. Kila asubuhi tunakaa mbele ya mkate ulioachama, umeinama, haujakatika. Balbu ya sebuleni nayo imeungua na haibadilishwi, kwa sababu msumeno hauinuliwi juu ya mabega. Nikamwambia balbu si msumeno. Akasema mazoea ni yale yale. Tena haoshi vyombo peke yake, maana mkata miti hafanyi kazi bila mwenzake karibu. Anaosha sahani mbili, mimi nimesimama namlinda!

4. Kabati. Siku ya kuhamisha kabati la vyombo alitutoa wote nje, tukasimame umbali wa mara mbili ya urefu wa kabati, kisha akapaza sauti, "Linakwenda!" Majirani walikuja mbio wakidhani tumeachana na tunagawana mali. Mmoja wao alikuwa ameshachagua sufuria.

5. Mkaratusi. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine ningeyameza, ndoa ni kuvumiliana. Nyuma ya jiko letu kuna mkaratusi mkubwa ambao umeinamia paa, na tangu upepo wa juzi una ufa kwenye shina. Mama hali akashiba, anatazama dari tu. Nilimwomba mume wangu aukate. Ameuzunguka na mikono nyuma kama daktari. Akasema juu kuna tawi kavu lililonasa, upepo si mzuri, na mti unataka kwenda jikoni na yeye hataki uende jikoni, kwa hiyo lazima uvutwe kwa kamba, na mwenye kamba anakuja Jumamosi. Huku akisubiri, amefyeka tuta langu la mchicha, LOTE, akafungua njia ya kukimbilia na kuifunga utepe mwekundu huku na huku. Mchicha wangu, Ndugu Mkuu!

Kaka yangu, ambaye mtaani wanamwita Fasta, amesema kazi hiyo ni ya dakika tano. Ameshaazima msumeno. Fasta hana kofia, hana cheti, ana ndala na moyo. Mume wangu amemkatalia, nasi tumekuwa kichekesho cha mtaa: nyumba ina mkata miti na mti hautoki.

Kwa hiyo naomba ofisi yako imwandikie barua ya kumruhusu kaka yangu. Na ikiwezekana, mumwite tena mume wangu mumfundishe kinyume: mumvue kofia, mumwambie kila kitu mlichosema kilikuwa utani, mumrudishe alivyokuwa. Mliyaingiza wenyewe, mjue pa kuyatolea. Cheti nitakileta mimi.

Nisalimie walimu wenzako, wapishi waliomnenepesha, na fundi aliyeshona ile suruali, maana kufua peke yake ni adhabu. Mama anakusalimu, ingawa si mtu wa maneno mengi.

Ni mimi, mwenye kuonewa na usalama,
Mke wa Mwanafunzi Wenu wa Safu ya Mbele

Tanbihi: Naongezea haya nikiwa barazani kwa jirani. Nilipokuwa natafuta bahasha, Fasta alikuja na msumeno wake wa kuazima, akaanza kukata kwa nyuma, bila mdomo, bila chochote. Mume wangu alirudi na kukuta mti umeshaanza kulia. Hakumkaribia, kumbe mlimkataza. Aliingia jikoni, akambeba mama na ungo wake wa mchele, akanishika mkono, akatutoa mbio. Nilimtukana njia nzima, namshukuru Mungu alikuwa amevaa vile vitu vyake masikioni. Tulipofika hapa kwa jirani, mkaratusi ukaenda ulikotaka.

Jiko halipo. Meza niliyoandikia barua hii haipo. Fasta yupo, kwa sababu alikimbilia kwenye mchicha wangu, katikati ya utepe mwekundu. Ndala yake moja imebaki chini ya shina.

Kwa hiyo ombi langu nalibadilisha. Mpokeeni kaka yangu katika mafunzo, mumweke safu ya mbele, mumfundishe mpaka naye ashindwe kukata mkate.

Mume wangu sasa anapogoa matawi pale lilipokuwa jiko. Amesimama upande wa pili wa shina, shina likiwa kati yake na mnyororo, kama mlivyomwambia. Hataki mtu amsogelee kabla hajazima mashine. Nimemshikia kikombe cha chai nilichoomba kwa jirani. Kimepoa, nami nasubiri azime.