Wembe wa Babu Kuonekana Katika Maduka Matatu kwa Siku Moja

Mikdad Hija Bwanausi,
Mji Mkongwe, Bagamoyo.
Jumanne, 14 Novemba 2023.

Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Wauza Vitu vya Kale,
Bagamoyo.

Assalaam alaykum. Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini jambo lenyewe halijielezi hata kidogo, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia. Natumai barua hii itakukuta mzima na duka lako liko wazi.

Mimi ni mkazi wa hapa hapa, mtu wa kidato cha nne, na tangu shule nina desturi ya kuandika shajara kila jioni. Tarehe nitakazozitaja usizitilie shaka.

Babu yangu, marehemu Mzee Bwanausi, alikuwa mkwezi wa minazi. Alituachia wembe mmoja wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Kwetu sisi mtoto akitimiza siku saba, siku ya akika yake, nywele alizozaliwa nazo hunyolewa kwa wembe huo na si kwa mwingine. Ulimnyoa baba yangu, ukaninyoa mimi, ukawanyoa wanangu wote, na hapana kichwa hata kimoja kilichotoka damu. Sasa binti yangu Samia amejifungua mtoto wa kiume Ijumaa iliyopita. Keshokutwa Alhamisi ndiyo siku ya saba, na wembe haumo kashani. Mama mkwe wa Samia, Bi Batuli wa Mapinga, ameshatangaza kwamba nisijisumbue, yeye atakuja na kiwembe cha dukani kikiwa bado ndani ya karatasi yake. Nadhani ukubwa wa hatari hii unauona mwenyewe.

Kasha lile hulifungua tukitarajia mtoto tu. Nililifungua Jumapili tarehe 29 Oktoba ili niunoe wembe mapema, nikakuta kitambaa kitupu. Kwa kuwa kila kitu cha kale hapa mjini mwisho wake hufika kwenye maduka yenu, hata kama mwenyewe hajakitoa, nilikuja kwenu moja kwa moja, bila kupoteza muda kuwauliza watu wa nyumbani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu tarehe 30 Oktoba nilipita kwa Haidar, kwa Bi Sikuzani na kwa Abuu, wanachama wako wote watatu. Nyembe za kale nilizikuta, wangu sikuuona. Haidar akaniambia, "Baba, wembe ni kama mtu aliyepotea. Tuachie sura yake." Niliona ni neno la busara. Nilirudi nyumbani nikauchora kwa nakala tatu, mbele na nyuma, kwa rula: mpini wa pembe nyeusi, uliofungwa mshipi wa buluu pale ulipopasuka, ncha iliyomeguka mfano wa mdomo wa kasuku, herufi B iliyochongwa kwa msumari. Chini yake niliandika, na nikapiga mstari, kwamba wembe wenye alama hizo zote ni mmoja tu duniani. Kila duka nikaliachia nakala yake.

2. Ukaonekana. Jumatano tarehe 8 Novemba, asubuhi, Haidar alinipigia simu: "Shikamoo baba. Mgeni wako kafika." Nilikwenda nusu mbio. Nikaushika, machozi yakanilengalenga. Sijayafuta, simu ikaita tena, Bi Sikuzani: "Mikdad, njoo uchukue mali yenu kabla Mzungu hajaitia mfukoni." Adhuhuri akapiga Abuu. Babu yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumiliki viatu jozi mbili, sasa ana nyembe tatu.

3. Nilipokuwa nikichora nakala ya Abuu kalamu ilivuja, tone la wino likaangukia mpini. Wembe wa Abuu una doa. Jeusi, la duara, pale pale. Nilimweleza kwa upole kwamba wembe wa babu haukuwa na doa. Akanitazama kwa huruma akasema, "Mzee wangu, miaka mingi hiyo. Wewe umesahau, wembe haujasahau." Kilichoniudhi ni kwamba nilipofika nyumbani nilianza kulikumbuka lile doa.

4. Siku hiyo hiyo nilipita uani kwa Abuu nikitafuta maji ya kutawadha. Nilikuta beseni la maji ya bahari yaliyotiwa makapi ya chai, na nyembe mpya zimelala ndani kama dagaa. Sikatai, kila mtu na riziki yake. Lakini mimi nimechukua miaka sitini na minne kuufikia uzee huu, kwa malaria na kwa kusomesha watoto. Si haki wembe wa Kariakoo uufikie kwa siku tisa, tena ukilala, kisha uamkiwe na wageni kuliko mimi.

5. Jambo hili ni zito kuliko yote, kwa hiyo naomba ulisome ukiwa umekaa. Kila wembe umetundikiwa kikaratasi cha Kiingereza kinachoeleza maisha ya babu. Kwa Haidar, babu alikuwa kinyozi wa matajiri wa misafara. Kwa Abuu, alikuwa na wake kumi na wanne. Bibi yangu alikuwa mmoja, na babu mwenyewe alikuwa akisema amezidi. Kwa Bi Sikuzani, babu alizama karibu na Mafia huku ameuma wembe kwa meno. Jumapili Mzungu mmoja alinisimamisha njiani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole ya kuzama kwa babu. Babu alifia kitandani kwake hapa Bagamoyo, baada ya kula wali wa nazi na kuomba aongezewe. Niliipokea pole ile. Ningefanyaje, mtu ameshatoa machozi?

Kwa hiyo naomba Umoja ufanye yafuatayo. Kwanza, uitwe mkutano wa utambuzi kesho baada ya swala ya adhuhuri. Nyembe zote tatu ninazo mimi. Nimeziazima kwa maandishi nizijaribu hadi Ijumaa. Nifungwe kitambaa machoni, nipewe moja moja. Mkono huu ndio ulioushika wembe ule kila alipozaliwa mtoto nyumbani kwangu. Hata gizani, hata nikiwa na homa, siwezi kuukosea.

Pili, ikithibitika kwamba wa kweli haumo, maduka yote yapekuliwe, na lako pia, bila kuoneana haya.

Tatu, hayo yakishindikana, naomba Umoja uniandikishe mimi mwenyewe kuwa kitu cha kale. Sifa zote ninazo: nimepasuka visigino, nimemeguka meno ya mbele, na jina la ukoo wangu limechongwa mlangoni. Nikishaandikishwa, wembe utahesabiwa kuwa sehemu yangu, kama mfuniko ulivyo sehemu ya chungu, na kuuza mfuniko peke yake nadhani hata ninyi mnaona aibu. Haidar ameshaniambia, "Baba, wewe nikikuweka dirishani hukai wiki." Alikuwa akinitania, lakini mimi nimelifikiria. Matunzo yangu si makubwa. Chai nakunywa, ila si ile ya beseni.

Nasubiri wito wako kabla ya Alhamisi, kwa maana kichwa cha mtoto hakina subira. Nisalimie mkeo, watoto, na wanachama wote wa Umoja. Bi Sikuzani mpe salamu kamili, ni mwenzangu tangu madrasa. Haidar pia, ni kijana mwenye adabu. Abuu mpe nusu. Nusu ya pili nitampa mwenyewe siku nitakayolisahau lile doa.

Wako katika kuutafuta,

Mikdad Hija Bwanausi

Nyongeza, Alhamisi, 16 Novemba, jioni.

Barua hii sikuituma juzi wala jana kwa sababu ya kuhangaikia mbuzi wa akika. Leo asubuhi amewasili dada yangu Tabia kutoka Ubena, akafungua mkoba wake, akatoa wembe wa babu ukiwa umeviringishwa kipande cha kanga. Aliuazima kwa mke wangu Ashatu mwaka juzi, alipopata mjukuu. Nyumbani kila mtu alikuwa akijua. Hawakuniambia kwa kuwa sikuuliza.

Niliuweka mkekani pamoja na zile tatu ili jamaa wote waione tofauti, nikatoka kuwapokea wageni wa Mapinga. Ashatu, kwa nia njema kabisa, akaziosha zote nne katika beseni moja, akazipaka mafuta ya nazi, akazipanga vizuri. Doa la Abuu limetoka.

Nilizishika moja moja. Nikafumba macho, nikazishika tena. Tabia, aliyekaa na wembe ule miaka miwili, akainama, akatazama, akasema, "Kaka, zote za babu hizi." Bi Batuli akakohoa, akaanza kuifungua karatasi ya kiwembe chake. Nikachukua uliokuwa mkali kuliko zote, nikasema bismillahi. Mtoto alilala mpaka nywele ya mwisho. Hapana tone la damu.

Kwa hiyo mkutano hauhitajiki tena. Badala yake naomba uwatume Haidar, Bi Sikuzani na Abuu waje wanitambulie nyembe zao, maana wao ndio wenye ujuzi. Pilau ipo. Nimewawekea tatu mkekani. Ikitokea mmoja wao akaukosa wa kwake, auchukue huo utakaobaki, autundikie kikaratasi chochote apendacho, hata babu azame mara ya pili.

Ule ulionyoa nimeshaurudisha kashani. Huo ndio wa babu.