Daktari wa Hereni Mjini Mpanda

Fredrick alimwona yule mama kabla chai yake haijapoa, na moyo ukamwambia kwa upole: huyu hapa, ameletwa.

Mama mwenyewe alikaa meza ya pembeni katika mgahawa mmoja karibu na stendi ya Mpanda. Alikuwa mnene, shuka begani, katambuga miguuni, na mbele yake sahani ya ugali ambayo ingetosha familia yenye aibu. Alikuwa akizungumza kwenye simu kwa sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

"Wamepotea tena! Ndama wanaibwa huku natazama hivi hivi! Ng'ombe wote wale, nami nina macho mawili tu, nifanyeje?"

Ng'ombe wote wale. Fredrick aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo kama mtu anayesali.

Alikuwa ameingia Mpanda jana yake kwa Harrier jeusi la dada yake, Dafrosa, ambaye aliambiwa gari linakwenda msibani Morogoro. Huko Sinza, jijini Dar, alikoishi kwa kukopa na kuahidi, wenzake walimhakikishia kwamba Mpanda ndiko nchi inakoishia. Ukivuka hapo ni viboko, tembo na Ziwa Tanganyika. Watu wake, walisema, ndege ikipita huipigia makofi. Kwa hiyo alipokuta lami, taa za barabarani, mawakala wa simu kila kona na wasichana wenye kucha ndefu kuliko za Sinza, hakubabaika. Alijiambia hayo ni mapambo tu. Mshamba hata umvike tai ni mshamba. Mtu aliyeendesha gari kutoka pwani mpaka Katavi kwa nia ya kuwatapeli watu hawezi kukubali jambo dogo kama lami limharibie safari.

Alinyoosha koti, akachukua mkoba wake, akahamia meza ya pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe si wa huku."

"Mimi ni Dokta Fredi, natoka Dar. Samahani, sikukusudia kusikiliza maongezi yako. Ila nimeumia. Mama mwenye mali kama wewe kuibiwa na watu unaowalisha!"

"Yii! Mwanangu, nitasema nini? Mimi Nyanzala nimechoka."

Fredrick alifungua mkoba nusu, kama padri anayeonyesha kitu kitakatifu, akatoa kipande cha plastiki ya njano chenye tundu. Akakishika kwa vidole viwili.

"Hii, mama, ni hereni ya setilaiti. Unamvika ng'ombe sikioni. Akienda Karema, unamwona. Akivushwa ziwa usiku, unamwona. Akichinjwa, simu inalia."

Halafu akaonyesha simu yake. Ndani yake palikuwa na ramani ya kijani na vidoa vyekundu vikitembea taratibu, video aliyotengenezewa Kariakoo na fundi asiyeuliza maswali. Nyanzala aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hawa ni ng'ombe?"

"Wa bwana mmoja wa Shinyanga. Hapo wanakunywa maji."

"Yesu wangu! Hata kunywa maji!" Alitazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Dokta, nikuulize kitu. Ng'ombe wa jirani, nikimvika hii bila mwenyewe kujua, nitamwona?"

Hapo Fredrick nusura ambusu. Hakuna riziki tamu kwa tapeli kama mteja mwenye nia mbaya, maana mtu wa namna hiyo akishalizwa hana polisi wa kumwendea. Alikohoa kwa heshima, akasema setilaiti haina ubaguzi.

"Basi nataka zote," Nyanzala akasema, akiugonga mkoba kwa kidole chenye mchuzi. "Na usimuuzie mtu mwingine Katavi nzima. Nataka nione peke yangu. Lakini pesa taslimu sina, baba. Sisi mali yetu inatembea. Utapokea mafahali?"

Fredrick alijifanya kusita. Alitazama dari, akahema, akasema kwamba kwa kuwa ni yeye, na kwa kuwa amemkumbusha mama yake mzazi, atajitahidi kuwaelewesha wakubwa zake.

Kesho yake asubuhi waliondoka kwa Harrier kwenda kijijini Litapunga, waliko ng'ombe. Nyanzala alikaa mbele, akishangilia kila kitufe. Kioo kiliposhuka chenyewe alipiga kigelegele. Nyuma alikaa Damiano, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mkimya mwenye kofia ya pama, ambaye Nyanzala alisema atawanunua mafahali wakishafikishwa mnadani. Fredrick aliendesha kwa mkono mmoja. Alikuwa akiwaonea huruma, na huruma hiyo ilimpendeza sana. Alijiona mtu mwema.

Walilikuta kundi kwenye kivuli kando ya bwawa. Kijana mchungaji, Doto, alikuja mbio na kupiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtolee mgeni wale mafahali wakubwa."

Walitolewa. Walikuwa wanene, weupe, wenye nundu zinazotikisika kama matiti ya mama mkwe. Nyanzala aliomba hereni moja ivalishwe mbele yake, apate kuamini. Doto akamshika fahali, Fredrick akamtoboa sikio kwa mkono wake mwenyewe, na kitu cha njano kikabaki kikining'inia. Kidoa chekundu kikatembea simuni. Nyanzala akalia machozi ya kweli.

Ikabaki kazi ya kuwafikisha mafahali mnadani. Damiano, akifungua mdomo kwa mara ya kwanza, alisema ana lori mjini, ila dereva wake hapokei simu, lazima afuatwe.

"Twendeni wote na gari la dokta," Nyanzala akasema. "Ng'ombe Doto atawaangalia."

Fredrick aliwatazama mafahali wake, akamtazama Nyanzala, na akili yake ya mjini ikawasha taa nyekundu. Aha! Kumbe mama naye ana ujanja kidogo! Wakishaondoka hapa, Doto atawabadilisha, na lori likija watapakiwa ng'ombe waliokonda wenye mbavu za kuhesabika. Angewezaje mtoto wa Sinza kunaswa na mtego wa kitoto namna hiyo?

"Hapana, mama," akasema, akitabasamu. "Mimi nabaki na mali yangu. Damiano, unajua kuendesha otomatiki?"

"Najaribu," Damiano akasema kwa unyenyekevu.

Nyanzala alipinga. Alisema jua ni kali, mgeni ataumia, haifai. Kadiri alivyopinga ndivyo Fredrick alivyozidi kuamini kwamba amemshika pabaya. Mwishowe alimkabidhi Damiano ufunguo karibu kwa nguvu. Nyanzala akapanda na mkoba wa hereni mkononi, Doto naye akapanda ili awaonyeshe njia ya mkato, na Harrier likaondoka kwa ulaini ambao haukufanana na mtu anayejaribu.

Fredrick alikaa juu ya jiwe, akawasifu mafahali mmoja mmoja. Jua likapanda. Jua likahama. Aliyekuja hakuwa dereva wa lori, bali mzee mrefu kwa pikipiki, na nyuma yake vijana wenye fimbo.

"Kijana, Doto yuko wapi?"

"Amekwenda mjini na bosi wake."

"Bosi wake ni mimi. Abednego. Wewe unafanya nini na ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wako? Mzee, hawa nimewanunua kwa Mama Nyanzala."

Vijana walicheka. Abednego hakucheka, kwa sababu alikuwa ameliona sikio la fahali. Alisogea, akakishika kile kitu cha njano, akakigeuza.

"Umemtoboa dume langu ukamtundika kibao cha namba cha funguo za gesti?"

Fredrick alifungua mdomo apate kueleza habari za setilaiti, akazitazama zile fimbo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kutumia akili.

Abednego alikuwa mtu wa haki. Hakumpiga. Alichukua saa na simu kuwa fidia ya sikio, kisha akamkabidhi ndoo. Mchana ule wote daktari wa setilaiti, akiwa na suti na soksi za hariri, aliteka maji bwawani na kujaza hori, huku ng'ombe wakinywa na kumkojolea karibu na viatu bila kumjali. Jioni alirudi mjini juu ya mkokoteni wa kuni.

Alitarajia Nyanzala atakuwa amekimbilia Burundi. Asubuhi alimkuta pale pale mgahawani, meza ile ile, akila supu.

"Karibu, dokta," akasema, bila kuinua kichwa. "Umelala?"

"Gari langu liko wapi?"

"Gari lako, au la Dafrosa? Kadi ya gari tuliiona, ina jina la mwanamke. Tulidhani ndiye wewe."

"Nakwenda polisi!"

"Twende wote." Nyanzala akautoa ule mkoba chini ya meza, akaupigapiga kwa upendo. "Nami nimezihifadhi hereni zako. Utawaonyesha askari zinavyofanya kazi, na mzee Abednego atakuja kueleza habari za sikio."

Fredrick akakaa. 

"Mama, mimi nimekukosea nini?"

Sasa Nyanzala aliinua kichwa, na uso wake haukuwa na ushamba hata chembe.

"Nyie mnakuja hapa kila msimu. Alikuja wa mbegu zisizohitaji mvua. Akaja wa mashine ya kunusa dhahabu. Akaja nabii, huyo nilimpa mbuzi kwa hiari yangu. Wote wana suti, wote wanatuita mama, wote wanatuonea huruma. Unadhani mtu ataliwa miaka yote hiyo asijifunze kula?" Alivuta bakuli karibu. "Nauli ya treni nitakupa. Sisi si watu wabaya."

Akampa, na Fredrick, Mungu amsamehe, akasema asante.

Stesheni alikuta treni ndiyo kwanza imefika. Abiria wakashuka na magunia na vitoto vinavyolia, na katikati yao kijana nadhifu mwenye tai na sanduku dogo, akitazama mji kwa tabasamu la mtu anayemwangalia kuku. Alimwona Fredrick na suti yake yenye matope, akamfuata.

"Kaka, habari za hapa? Nimeleta mradi kwa ajili ya wananchi. Watu wa huku vipi, ni waelewa?"

Fredrick alikung'uta koti lake. Lingekuwa jambo la utu kumwambia arudi ndani ya treni.

"Waelewa sana," akasema, akimfuta vumbi begani. "Nenda pale stendi, ulizia Mama Nyanzala. Yule mama mwepesi mno wa kuamini. Na ukipata gari la kuazima, kaka, usimfiche."