Kalamu ya Leza ya Kuazima

Jumapili, 3 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, kaanza tena kujigamba. Ni fundi wa majokofu, basi kila kitu chenye waya anakijua yeye. Mke wangu alitoa kalamu ya leza aliyoiazima kwa mkuu wa idara yake, ile ya kutupa nukta nyekundu ukutani wakati wa kufundisha. Ataitumia Jumatano kwenye somo la majaribio mbele ya jopo. Akifaulu, anapata ajira ya kudumu pale chuo cha wauguzi. Miaka yote hii ni mwalimu wa muda tu, masikini.

Mama mkwe akauliza hicho kidude kinafanyaje kazi. Mwanyumba akafungua mdomo. Nikamuwahi! Nikasema ni jambo dogo, kuna balbu nyekundu ndani. Mwanyumba akacheka mpaka akapaliwa. Akasema mimi nibaki na viatu vyangu. Nauza viatu, ndiyo. Viatu vizuri. Hata mama mkwe alicheka, ila kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

Jumatatu, 4 Machi

Mpango: naifungua kidogo, natazama, naifunga. Jumapili ijayo namweleza mwanyumba kipande kimoja kimoja mbele ya watu, akose pa kuficha uso. Dukani nimesema naumwa tumbo.

Nilifanyia kazi juu ya sinki la jikoni, maana dirishani kuna mwanga. Kifuniko cha nyuma hakikuleta ubishi. Betri ndogo za duara, mfano wa vifungo vya shati. Nikajiona fundi. Upande wa mbele ukagoma. Nikavuta kwa koleo. Nikavuta tena. Ukatoka! Kibao chembamba cha umeme, kitufe, kijidude kinachotoa mwanga, na mbele yake lenzi ya plastiki, ndogo kuliko punje ya dengu, imekalia springi. Balbu nyekundu hakuna. Nilikuwa bado nalisikitikia hilo, mara springi ikafyatuka. Lenzi ikaingia moja kwa moja kwenye tundu la sinki.

Nimefungua bomba la chini. Nimepata uma uliopotea siku nyingi. Lenzi hamna.

Jumanne, 5 Machi

Nimeiunganisha alfajiri, mke akiwa bafuni. Nikapanga betri kama za tochi. Kimya! Nikazigeuza, ikawaka. Kumbe hizi zinaingia kinyume. Furaha yangu ikaishia ukutani: badala ya nukta, doa jekundu pana kama sinia. Kumbe ile lenzi ndiyo iliyokuwa ikiukusanya mwanga wote. Sasa najua kalamu ya leza inavyofanya kazi, na siwezi kumwambia mtu.

Nikatia tone la gundi isiyo na rangi mahali pa lenzi. Nikajipa moyo kwamba likikauka litafanya kazi ileile. Doa likaota mkia.

Jioni nilimshauri mke wangu aonyeshe kwa mkono tu. Nikasema kidole cha mwalimu kina heshima yake. Akanishukuru kwa kumjali. Akaniomba nije kesho nikae nyuma, kwamba akiniona hatatetemeka. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikauliza kama chai ipo.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda. Nimekaa nyuma. Alianza vizuri ajabu, sauti imetulia, picha kubwa ya moyo wa binadamu ukutani. Akasema sasa tutazame vali hii hapa, mlango huu mdogo wa damu. Akabonyeza. Moyo mzima ukawa mwekundu, na mkia juu ya kichwa cha mwenyekiti wa jopo. Mwanafunzi mmoja akasema mgonjwa anavuja damu. Darasa likaangua kicheko. Mwenyekiti akauliza ni vali ipi hasa. Mke wangu akabonyeza tena, akaikung'uta, akabonyeza mara ya tatu. Akapoteza mahali alipofikia.

Mkuu wa idara akauliza kwa ukali kalamu yake imefanywa nini. Mke wangu akasema, "Samahani, niliiangusha mwenyewe."

Nikasimama ili niseme. Kweli nilisimama! Watu wakageuka kunitazama. Nikaweka simu sikioni, nikatoka nje nikiitikia haloo, haloo. Hakuna aliyekuwa amenipigia. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Alhamisi, 7 Machi

Alijua. Gundi ilimganda kidoleni palepale mbele ya jopo. Hakunifokea. Aliniuliza tu simu ile ilikuwa ya nani. Heri angenifokea.

Jopo limempa nafasi moja tu ya kurudia, Jumanne saa mbili asubuhi. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amenunua kalamu mpya ya kumlipa mkuu wa idara, ila kwanza ataifundishia Jumanne. Mezani kwa mama mkwe, mbele ya wote, akamkabidhi mwanyumba amtunzie hadi Jumanne alfajiri. Mwanyumba hakucheka. Akaifungia kwenye sanduku lake la chuma la vifaa vya kazi, kimyakimya, kama mtu anayemsitiri mgonjwa. Nimeapa: sifungui tena kitu kisicho changu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda karakana ya mwanyumba kumwomba radhi. Kiume. Akaguswa, akanipa kiti. Mara akaitwa buchani, jokofu limezima na nyama zitaoza. Akaniacha nilinde sanduku, kufuli lake linaning'inia wazi. Kufuli la bei ya chini kabisa. Nikawaza, kufuli linajuaje kuwa ufunguo huu ndio wenyewe? Kibati cha chini kilikuwa kimelegea, wallahi sikukilazimisha. Ndani kuna vijiti vidogo vya shaba na springi zake, jambo la kupendeza sana. Nikavirudisha vyote, karibu vyote, nikafunga sanduku vizuri kwa kufuli hilo ili akute mambo sawa.

Sasa ufunguo hauzunguki. Mwanyumba amerudi, anatafuta msumeno wa chuma na hauoni. Mke wangu amepiga simu kuuliza kama kila kitu kiko salama. Nimemwambia kiko salama kuliko jana.

Na si uongo. Kalamu yenyewe safari hii sijaigusa.