Vibano Vitano na Shemeji Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Msiba! Katibu wa klabu amebandika tangazo: timu ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani inahitaji mtu wa tano. Mchujo Jumamosi. Tunaowania ni wawili, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Miaka kumi na mmoja nimekaa benchi la akiba. Mwezi ujao natimiza sabini, na kwa kanuni zetu mwenye sabini hafyatui tena. Huandika alama tu. Ni sasa au basi.

Jumanne, 4 Machi
Kwa fundi wa bunduki. Nilimfafanulia kwamba tatizo si macho yangu, ni mdomo wa mtutu. (Kibano, nieleze kwa faida ya atakayesoma, ni chuma cha kubana mdomo wa bunduki ya marisau, zile punje za risasi zitokazo nyingi kwa mpigo mmoja. Kikibana sana, marisau huenda mbali yameshikamana. Kikibana kidogo, hutawanyika mapema.) Ana aina mbili. Moja hufungwa kabisa mtutuni, nawe huzungusha pete yake tu, kukaza au kulegeza. Nyingine ni vipande vitano ndani ya kijisanduku: unafungua hiki, unafunga kile, kwa ufunguo wake. Nikauliza ipi bora. Akasema bora ni mazoezi. Fundi gani huyu!

Jumatano, 5 Machi
Majaribio, kwa vifaa vya kuazima. Nilitundika ramani ya dunia niliyofundishia jiografia, hatua arobaini. Pete ikikazwa, marisau yote yaliishia bahari moja. Ikilegezwa, yalienea mabara matano. Vile vipande? Vivyo hivyo kabisa. Nimekata tamaa. Mke wangu akauliza dunia imenikosea nini. Nikaanza kumweleza kwa utaratibu. Aliondoka kabla sijafika kwenye marisau.

Alhamisi, 6 Machi
Shauri nimekata! Vipande. Mchujo una vituo vitano vya kufyatulia, kila kimoja na umbali wake. Vituo vitano, vibano vitano, hesabu haidanganyi. Kisha hila: nikamwendea shemeji, nikamsifia ile ya pete mpaka koo likanikauka. Azungushe kila kituo, achanganyikiwe! Akanishukuru, akaniita mwalimu wake, akaenda kufungiwa palepale. Kameza ndoano!

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi ya kubadilisha vibano sebuleni. Kimoja kilibingirika chini ya kochi. Mke akasema kaka yake ameweka pete katikati na kuiacha hapo; kwa nini nami nisichague kimoja nikatulia? Ukoo mzima hauna moyo wa utafiti.

Jumamosi, 8 Machi
Siwezi kuandika. Naandika. Kituo cha kwanza, visahani vinne kati ya vitano. Cha pili, vinne. Shemeji vitatu, vitatu. Naongoza! Lakini kituo cha tatu kilikuwa cha mbali, na kibano cha mbali kilikuwa mfukoni. Nikakifunga kwa pupa, kikaingia mshazari. Hakiendi, hakirudi. Fundi akaja na koleo, akautazama mtutu, akanitazama mimi, akasema pole mzee, hapa ni kukata. Hiyo pole ndiyo iliyoniua.

Shemeji akaja mbio, akanipa bunduki yake nimalizie. Yake mwenyewe! Nilikuta pete iko katikati, jambo lisilo na msingi wowote wa kitaalamu. Nikaizungusha. Vituo vitatu, visahani kumi na vitano: nilipiga viwili. Kila nilipomrudishia, aliirudisha katikati, akapiga vitatu. Akaniomba radhi kwa kushinda.

Jumapili, 9 Machi
Katibu ameniletea kalamu na ubao wa kuandikia alama. Mke kasema labda sasa nitapumzika. Nimejichunguza bila upendeleo, na kosa nimeliona: vibano vitano ni vichache. Nimeagiza seti ya vibano tisa, na mtutu mpya. Vitafika siku tatu baada ya kutimiza sabini. Wakati nikisubiri, nitamwandikia shemeji maelezo kuhusu ile pete yake, kurasa kumi na mbili. Kalamu ninayo.